Kwa Somoe, Habari za Lile Tope

Mtani wangu Somoe,

Kosa la watu wengi wakiingia kwenye tope ni kukanyaga pale alipokanyaga mwenzao. Wanadhani ni kama njia ya shambani, kwamba aliyetangulia amewapimia ardhi. Tope halina tabia hiyo. Juu lina ngozi nyembamba inayokauka wakati maji yamekupwa, na mguu wa kwanza ndio unaoipasua. Mguu wa pili unakuta uji. Mguu wa tatu unakuta shimo. Haya ulinifundisha wewe, na nayarudia si kwa sababu umeyasahau, ila unanijua: siwezi kuanza habari yoyote bila kueleza kwanza. Ulikuwa ukisema, "Mwalimu huyu, ukimuuliza choo kiko wapi, anaanza na historia ya kijiji." Basi nivumilie. Nina habari, na nitaifikia.

Tangu utuache mambo yamesogea kidogo kidogo. Mjukuu wako ameanza kutembea, tena anatembea kama wewe, kifua mbele, kama mtu aliyechelewa soko. Nyumba mmeezekewa upya upande wa jikoni. Chuma chako cha kuvulia kaa bado kimechomekwa pale pale darini, na Mwanaidi hakigusi. Toka siku ya msiba binti yako hakuingia tena kwenye mikoko. Anakaanga kamba, anawapeleka Kibiti, anarudi. Akiliona tope analipita pembeni kama mtu anayempita jirani waliyekosana naye.

Sababu unaijua, maana ulikuwepo. Lakini nataka kuisema kwa mpangilio, kwa kuwa ndiyo iliyotupeleka kule.

Mwaka jana, kwenye Mbio za Matope, zile za timu za watu watano, mimi nilikuwa ukingoni nimeshika kandambili zenu. Nyavu mlikuwa mmeshatambaa chini yake, ukuta wa viroba vya mchanga mmeuparamia, kijito mmekivuka kwa kamba. Gogo la timu lilikuwa mabegani. Umebaki uwanda wa mwisho, tope tupu, na bendera upande wa pili. Mwanaidi akatangulia. Nyuma yake Shabani mumewe, kisha Imran wa duka la vifaa vya ujenzi, kisha nesi Upendo, na wewe mwisho.

Hawakukuweka mwisho kwa dharau. Huku kwenu mtoto hutangulia kumfungulia mzee njia. Huondoa mwiba, huangalia nyoka, hupima kina cha maji, na mzee huja nyuma kwa raha zake. Ni adabu nzuri na sijawahi kuona imemdhuru mtu nchi kavu. Juu ya tope, adabu hiyo ni mtego. Watu wanne walishakoroga, wa tano akakabidhiwa uji. Na wewe uliyeyajua hayo kuliko sisi wote hukusema neno. Ugonjwa ulikuwa umeshakuingia na hatukujua. Nadhani hukuwa na pumzi ya kubishana.

Ukanasa hadi mapajani. Maji yakaanza kurudi, filimbi ikalia, timu ikahesabiwa haikumaliza. Ulitoka pale umepakazwa tope hadi kwenye kope, unamwambia refa, "Wewe andika nimeshinda, nimechelewa tu kufika!" Watu wote walicheka. Mwanaidi hakucheka. Na mvua za masika hazijaisha tukakuzika.

Sasa sikia lililofuata, hili hukulijua. Pale mahali pamepata jina. Wenye mitumbwi wanaelekezana, "Kata kushoto pale aliponasa Somoe." Watoto wanasema, wauza samaki wanasema. Hawana ubaya, unajua watu walivyo na majina ya mahali. Lakini Mwanaidi anasikia. Kazi uliyofanya deltani maisha yako yote, watoto wa watu uliowatoa kwenye mikoko, wageni uliowavusha, vyote vimefunikwa na siku moja ulipokuwa mgonjwa.

Mashindano yalipotangazwa tena alikuja nyumbani kwangu Kibiti. Hakukaa. Alisimama mlangoni na beseni lake la kamba kichwani, akasema, "Mama Mwalimu, jina la mama yangu limebaki pale matopeni. Nataka nikalitoe. Na mzee sina." Kanuni zile zile bado zipo: kila timu iwe na mtu aliyevuka miaka sitini, na timu inayoshindwa kumaliza mara mbili mfululizo inawapisha wengine. Vijiji vinavyosubiri nafasi ni vingi. Kwa hiyo ilikuwa ni mwaka huu au basi, na jina libaki lilivyo.

Nikamwambia, "Mzee unaye, ila goti lake moja ni la kukodi."

Hakutabasamu. Alilitazama goti langu vizuri, kama anayekagua kamba sokoni, akasema, "Hilo zima litatosha. La kukodi tutalibeba na gogo."

Nikakubali, Somoe. Sikuomba siku ya kufikiri. Nikampigia simu mwanangu Tabora, akaniuliza kama nina homa.

Tulianza mazoezi kwenye majaruba ya mpunga, halafu kila bamvua, siku zile maji yanapojaa sana na kukupwa mbali, tukashuka deltani. Niliwaeleza yote: kwamba mguu ukinasa usiuvute juu, maana huo mwingine ndio utakaozama, kwamba uzungushe kisigino hadi hewa iingie, kwamba uzito ukitandazwa unapungua makali, kwamba karibu na mkoko mizizi inakushika, na mbali nao uko peke yako. Nilichora chini kwa kijiti. Imran akamwuliza Upendo kwa sauti ya chini ambayo niliisikia, "Nesi, hii mvua ya fizikia inakatika saa ngapi?" Upendo akamjibu, "Ukiona manyunyu ujue ndiyo inaanza."

Walinielewa katika yote isipokuwa moja. Nilitaka nitangulie mimi. Mzee mbele, kwenye tope ambalo halijaguswa, vijana nyuma wenye nguvu za kuhimili uji. Mwanaidi alikataa katakata. "Watu watasema tumemtanguliza bibi wa watu kama ng'ombe wa plau." Shabani akaongeza, "Na ukizama mbele ya macho yetu, mimi hao wanao wa Tabora nitawaambia nini? Kwamba tulikuwa nyuma tunaangalia?" Nikaeleza tena. Nikaeleza bamvua lililofuata. Nimewahi kufundisha desimali kwa watoto waliokuwa wanawaza mpira, kwa hiyo subira ninayo. Lakini hili halikuwa somo la kueleweka. Walikuwa wameshalielewa. Kuona haya ndiko kulikowazuia, na haya haitibiwi kwa mchoro.

Nilikuwa nikirudi nyumbani nakukumbuka ulivyonifundisha mimi. Wiki yangu ya kwanza shuleni kwenu, mwalimu kijana kutoka Tabora, nimevaa viatu vya kufungwa kamba, nikakata njia kuelekea gati kwa sababu niliona nyayo za mtu nikazifuata. Wewe ulitokea na kapu la kaa, ukanikuta nimezama hadi magotini nalia. Hukunipa mkono. Uliweka kapu chini, ukashika kiuno. "Wewe Mnyamwezi! Tope haligombwi! Kaa kitako!" Nikakaa, na sketi yangu ya kazi. "Jilaze kidogo, hilo si tope, hilo godoro la serikali. Zungusha kisigino. Zungusha! Unaogopa nini, litakuchumbia?" Nikatoka kwa magoti. Viatu viko huko mpaka leo. Ndipo ukaniambia kwamba sisi ni watani, Wanyamwezi na watu wa pwani, tangu babu zetu wakibebeana mizigo kwenye misafara, na kwamba mtani hana ruhusa ya kukasirika. Nikakuuliza ruhusa ya kulia anayo? Ukasema, "Anayo, lakini jikoni."

Nilifuata. Siku ya msiba wako nilifanya kazi ya mtani kama inavyopasa. Niliingia ndani kwa wanawake, nikachukua kanga yako ile ya zambarau, nikajifunga kama ulivyokuwa ukijifunga, fundo juu ya bega la kushoto, nikapita kwenye masufuria nikitembea kwa mwendo wako na kusema kwa sauti yako: "Huu wali mmepika au mmeuogesha? Nani kawaambia nikifa watu wale vibaya?" Wanawake walicheka hadi wakashikana. Shangazi yako alikaa chini. Kanga nikaondoka nayo, haki ya mtani, hakuna aliyeniuliza. Halafu nikaenda nyuma ya jiko lenu, nikakaa kwenye kinu. Ya huko sitakueleza.

Siku ya mashindano niliifunga kanga hiyo kiunoni juu ya suruali ya michezo. Sikuwa na mpango nayo. Nilitaka tu iwepo.

Watu walikuja wengi. Timu ya Mbwara ilikuwa ya wakulima wenye vifua kama milango. Ya Nyamwage ilivuka daraja asubuhi ikiwa imejaa kwenye fuso, inaimba. Vijana wa bodaboda wa Kibiti walinizunguka, "Bibi, panda tukupeleke, bei ya wazee!" Nikawaambia nitawapakia mimi wakati wa kurudi. Mmoja akanitambua. "Ee! Mwalimu! Mwalimu, chaki inakuita huko!" Nilimfundisha darasa la nne, hakuwahi kumaliza zoezi.

Chini ya nyavu nilipita vizuri, maana kutambaa hakuhitaji goti zima. Ukuta wa viroba nilisukumwa. Sitaki maelezo zaidi hapo, itoshe kusema Shabani aliomba radhi kabla na baada. Kwenye kamba ya kijito Upendo alikuwa nyuma yangu akisema, "Usiangalie chini, Mama, angalia Imran," na Imran akajibu kutoka ng'ambo, "Mwangalie vizuri, mtoto wa watu sijaoa." Tukafika kwenye gogo. Tukalipandisha mabegani. Tukasimama ukingoni mwa uwanda wa mwisho.

Somoe, ule uwanda ulikuwa mpana kuliko nilivyouona nikiwa nimeshika kandambili. Mbwara walikuwa wameshafika bendera. Bodaboda walikuwa katikati, wamefuatana kwa mstari, wa nyuma wote wamenasa, wanagombana. Na mbali kabisa, chini ya mikoko, kulikuwa na uzi mwembamba unaong'aa. Maji yalikuwa yameanza kurudi.

Mwanaidi aliweka mguu mmoja kwenye tope. Akautoa. Akauweka tena. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na gogo lote likatetemeka hadi kwangu. Akasema bila kugeuka, "Siwezi kukuacha nyuma. Na siwezi kukutanguliza. Siwezi, Mama Mwalimu." Watazamaji walianza maneno. "Kama mwaka jana! Wamefika pale pale!" Mtu mmoja akasema jina lako.

Nikafungua mdomo nianze kueleza. Mungu anisamehe, nilikuwa naanza na ngozi ya tope. Upendo akanigusa. "Mama. Maji."

Basi nikanyamaza. Nikatoa bega kwenye gogo. Nikafungua kanga kiunoni, nikajifunga, fundo bega la kushoto. Nikashika kiuno, nikatoa kifua mbele, nikapita kando ya vijana wote wanne kwa mwendo wako hadi mbele ya uso wa binti yako, na nikatoa sauti yako ile ya kuita kaa kutoka shimoni.

"Wee Mwanaidi! Nimekuzaa uje kusimama ukingoni kama korongo? Mnamngoja mkunga? Hili tope limekula viatu vya Mnyamwezi likashiba, litawataka nyie mliokondeana kama kamba wa juzi? Mnaona haya, haya ya nini, nani kawaambia mimi nina heshima? Ingieni!"

Kisha bibi mmoja kwenye umati, sikumjua, akapiga kigelegele. Na Mwanaidi akacheka. Alicheka vibaya, mdomo wazi, machozi yanachora njia kwenye tope la mashavuni, na akanijibu kama alivyokuwa akikujibu wewe kutoka jikoni maisha yake yote: "Mama nawe! Kelele!"

Kwa mtani hakuna mzee wala mtoto, hiyo ndiyo faida yake. Haya ikaondoka. Nilidhani sasa ataniruhusu nitangulie. Nilikuwa tayari nimeshageuka. Lakini binti yako alifuta uso, akaangalia uwanda, akaangalia bodaboda walivyofuatana na kuzama, akasema, "Geuzeni gogo. Ubavu. Hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma."

Nikaelewa pale pale, na nikaona nilivyokuwa nimekosea nusu. Miezi yote nilikuwa nabishana nani atangulie. Yeye aliona kwamba gogo likishikwa kwa upana, watu watano wanakwenda sambamba, kila mmoja na tope lake ambalo halijaguswa. Na anayezama ananing'inia kwenye gogo, wenzake wamemshika bila hata kumpa mkono. Nimefundisha miaka mingi, Somoe, na sijui furaha inayozidi ile ya kushindwa na mwanafunzi namna hiyo.

Tukaingia. Tulilikumbatia gogo vifuani, mimi katikati, Mwanaidi kulia kwangu. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, na akikosea Imran anamsahihisha kwa Kihindi cha bibi yake ili tucheke. Katikati ya uwanda goti langu la kukodi likakataa. Nilizama hadi kiunoni. Sikuvuta. Nililala juu ya gogo, nikazungusha kisigino, nikazungusha. Mwanaidi alisimamisha wote. Akazama makusudi kidogo ili gogo lishuke nililalie vizuri. Masikio yetu yalikuwa karibu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ni hapa." Nilijua. Mkondo wa kwanza wa maji ulishafika, baridi, unanilamba kiuno.

"Basi tusikae," nikamwambia. "Mama yako hakupenda wageni wanaokaa."

Mguu ukatoka na mlio wa chupa ya soda. Tukaenda. Maji yalikuwa vifundoni, kisha magotini, na tope chini yake likazidi kulegea. Gogo liligonga ukingo kabla sijaona kama tumefika, nikaanguka kifudifudi. Refa alitembea taratibu kabisa, mtu yule hana haraka hata kidogo, akatugusa vichwa mmoja mmoja akihesabu, wote watano. Filimbi ya mwisho ikalia mkono wake ukiwa bado juu ya kichwa changu.

Hatukushinda. Timu nyingi zilitutangulia, na Mbwara walishakula, wanachokonoa meno. Lakini tumemaliza, nafasi ipo, na bodaboda walitolewa kwa mtumbwi. Yule wa darasa la nne alipita mbele yangu ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Zoezi halikuisha tena?" Akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Pale mahali watu bado wanapaita kwa jina lako. Nilidhani litafutika, sikufikiri vizuri, majina ya mahali hayafutiki. Lakini juzi nimesikia mwenye mtumbwi akimweleza mgeni, "Pale kwa Somoe, walipovuka na gogo ubavu." Mwanaidi alikuwa kando yangu. Alimsahihisha tu upande wa kukata kona. Chuma chako cha kaa hajakishusha bado, na simharakishi.

Kanga ninayo. Sikurudishii, wala sitamrudishia mtu. Ninakuahidi hivi: madhali goti hili linakunjika, nitashuka deltani kila bamvua na watoto wako, na mwaka ujao nitakuwa katikati ya gogo lile. Nikishindwa kutembea nitakaa ukingoni nieleze hadi wakimbie. Mola akupe upana huko uliko, na watu wa kukucheka vizuri.

Shangazi yako kanitazama jana nikipanda ngazi, akasema goti hili linanileta kwako. Mimi jioni hii nina mazoezi. Kwa hiyo, mtani, leo usinisubiri.